Ravinala kwa mbegu: shajara ya kitalu cha Pongwe

13 Novemba 2022

Daftari la michungwa limejaa, na mradi huu sitaki uchanganyike na hesabu za wateja wa Muheza. Naufungulia daftari lake.

Kazi ni kuotesha ravinala kwa mbegu. Wauza miche wa Dar huiita travelas, wateja wangu huiita "mgomba wa hotelini", na kwao Madagaska, Bukini ya wazee wetu, jina ni ravinala: ravina ni jani, ala ni msitu. Wanasayansi walilichukua jina hilohilo wakaliandika Ravenala. Ni jenasi ambayo kwa asili haipo popote duniani isipokuwa kisiwa kile. Zote tunazoziona Tanga, Mombasa au Zanzibar zililetwa na watu. Si mnazi wala mtende, ingawa jina la Kizungu, traveller's palm, yaani mnazi wa msafiri, linaiweka huko. Ni jamaa wa mgomba, na wa ukoo wake wa karibu zaidi tunaomwona bustanini ni strelitzia, lile ua lenye umbo la kichwa cha ndege.

Shemeji ana nyumba ya wageni Pangani, anataka nane za kupanga mbele ya lango. Njia ya mkato ni kung'oa machipukizi. Nimemkatalia. Machipukizi ya kichaka kimoja ni mmea mmoja uliogawanyika. Ukipanda nane umepanda mmoja mara nane, na ugonjwa ukimpata mmoja umewapata wote. Tena kuchimba chipukizi ni kukata mizizi ya mama, na vichaka vikubwa hapa mjini vinahesabika kwa vidole. Sababu ya tatu sijamwambia shemeji: nataka tu kuona.

20 Novemba

Baharia mmoja amesikia habari, akaja na ofa ya kuniletea mbegu kutoka Toamasina, bandari ya Madagaska, "kwenye mfuko wa shati". Nimemshukuru, nikamwambia hapana. Mbegu ya kuvuka mpaka inataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Akacheka, akaniuliza tangu lini mwenye kitalu akawa askari. Sikumjibu, lakini mtu anayeishi kwa kuuza michungwa anajua mdudu mmoja mgeni anavyoweza kumaliza shamba.

4 Desemba

Mbegu zimepatikana Raskazone, dakika ishirini kutoka hapa.

Kuna bibi ana kichaka uani tangu enzi za mumewe. Nilimkuta anapepeta mchele.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Umekuja kukata tena?"
Kumbe wapo waliotangulia kukata majani ya harusi. Nikamweleza nataka matunda makavu tu. Akaniangalia kama mtu aliyeomba maganda ya ndizi. "Chukua yote, yananiangushia takataka."

Matunda yanakaa katikati ya vikonyo vya majani, ndani ya ala ngumu zilizopangwa mbili mbili, kila ala kama kidau kidogo chenye ncha kali. Zile ala si za mchezo, zimenichana kiganja. Tunda ni gumu kama mti, limepasuka pande tatu. Ndani, mbegu zimefungwa nyama laini yenye rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye tunda lolote: buluu. Si zambarau kama zambarau zetu. Ni buluu ya nili, ile tuliyokuwa tukitilia mashati ya shule yawe meupe. Kijana wangu wa kitaluni alidhani nimezipaka.

Jumla mbegu 84 nzima. Nyingine zilikuwa zimetobolewa na wadudu, nimeziacha palepale.

6 Desemba

Nimezitoa ile nyama ya buluu kwa majivu na maji. Ina mafuta, inateleza, inabaki kucha siku mbili. Ndani, mbegu ni ya kahawia iliyokolea, ngumu, inalingana na punje kubwa ya mahindi.

Nimezigawa makundi matatu ya 28. Kundi A nimezisugua kwa msasa upande mmoja mpaka ganda likaonyesha weupe, kisha nikaziloweka siku mbili nikibadilisha maji asubuhi na jioni. Kundi B maji ya moto ya kuvumilika kwa mkono, nikaziacha usiku kucha. Kundi C nimezipanda zilivyo. Udongo ni mchanga wa mto na unga wa makumbi, nusu kwa nusu, chini ya neti ya kivuli. Makumbi yameoshwa mara tatu kwanza kuondoa chumvi. Wanaoruka hatua hii hulia baadaye.

15 Januari 2023

Siku ya arobaini. Hakuna kitu.

Kijana anasema tumepanda mawe. Nimemsimulia habari ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, vikapitia Hamburg, na vilivyofika hai kwenye shamba la Kikogwe karibu na Pangani vilikuwa 62. Mashamba yote ya mkonge aliyoyaona maisha yake, na njia za reli za mashambani, na kambi za manamba walimofika mababu zetu wengi, asili yake ni vile 62. Akaniuliza: "Sasa sisi tunatafuta utajiri au tunatafuta manamba?" Swali zuri. Nimemtuma akajaze mapipa.

27 Januari

Imetoka moja! Kundi A. Kidole cheupe, kisha ncha ya kijani iliyojiviringisha kama sigara. Joto la kaskazi limesaidia, nina uhakika. Ndani ya neti kipimajoto kinasoma 33 mchana.

12 Machi

Hesabu ya mwisho, maana tangu wiki mbili hakuna jipya. A zimeota 17, B 9, C 4. Jumla 30. Msasa umeshinda. Kundi C sijalitupa, nimelisogeza pembeni chini ya mwembe. Mbegu ngumu hazina adabu ya kalenda.

Mche mchanga haufanani hata kidogo na ule mpepea wa hotelini, majani makubwa yaliyotandazwa bapa kama pepeo la mkono. Ni kama mgomba mdogo uliokonda, majani kama kasia, yakitoka kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mstari huo mmoja ndio utakaokuja kuwa mpepea. Umbo limo tangu jani la pili, halijapata urefu tu.

9 Mei

Masika yametutia hasara. Sita zimeoza shingoni, kosa langu, niliacha neti ya juu bila kuinua pembeni hewa ipite. Mbili zimeliwa na konokono, wale wakubwa, usiku mmoja. Zimebaki 22. Tumezungushia majivu makavu, lakini majivu na mvua havikai pamoja, kwa hiyo kazi ya kweli ni tochi na ndoo saa tatu usiku.

2 Julai

Leo ni siku ya kupima uongo.

Kila mtu anayenunua huu mti ananieleza mambo mawili: kwamba mpepea wake huelekea mashariki na magharibi, ndiyo maana msafiri hapotei, na kwamba ukitoboa chini ya jani unapata maji ya kunywa. Jina la msafiri limetoka huko.

Nimezunguka na dira ya simu. Kichaka cha Raskazone kina mashina makubwa matano, na hayakubaliani yenyewe kwa yenyewe: mawili yako karibu na kaskazini–kusini, moja limekaa mshazari, mengine mawili ndiyo yako mashariki–magharibi kwa kukadiria. Mti wa hoteli moja ya barabarani umeelekea barabara, kwa sababu fundi aliupanda hivyo. Msafiri wa kutegemea dira hii angefika Handeni akidhani yuko Mombasa.

Maji yapo. Bibi aliniruhusu nitoboe ala moja ya chini ya jani kwa bisibisi. Yalitoka kikombe na nusu, rangi ya chai hafifu, yenye harufu ya majani yaliyooza, na ndani yake viluwiluwi vya mbu wanacheza. Msafiri aliyekwama atakunywa, sikatai. Mimi nimeandika kwenye kibao cha bei: USIPANDE CHINI YA DIRISHA LA CHUMBA CHA KULALA. Mbu wa dengi hahitaji kisima.

16 Julai

Rafiki yangu Mngazija, aliyefanya kazi miaka kadhaa Toamasina, amenitumia sauti ndefu kwenye simu baada ya kumpelekea picha za miche. Alicheka kwanza. "Huo mnaulea kwa neti? Kule ni nyumba!"

Anaeleza kwamba Wabetsimisaraka wa pwani ya mashariki ya Madagaska hujenga kwa ravinala toka juu mpaka chini. Paa ni majani. Ukuta ni vikonyo vilivyokaushwa na kupangwa sambamba, wanaviita falafa. Sakafu ni gamba la shina lililopasuliwa na kupigwa mpaka likalala bapa, hilo ni rapaka. Nyumba nzima, mti mmoja. Nikamjibu basi huo ndio mnazi wao. Akasema ndiyo, ila mnazi unaupanda, na ravinala inajipanda. Milima ile ya mashariki watu wakikata msitu na kuuchoma walime mpunga, kilimo wanachokiita tavy, kinachorudi kwa wingi baadaye ni ravinala. Mgeni anapiga picha anasema ni uzuri wa asili, kumbe ni kovu la moto.

Nikamuuliza lugha yao ikoje. Akasema asili yake ni mbali, upande wa Asia, lakini ukisikiliza utawasikia mifugo ya kwetu: ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa. Majani wana yao, mifugo wamechukua kwetu. Nimeipenda hiyo kuliko habari za nyumba.

8 Oktoba

Kichaka cha Raskazone kimechanua tena, na kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Matunda niliyookota mwaka jana yalitoka wapi? Nani alichavusha?

Kwao jibu linajulikana. Mwaka 1994 W. John Kress na wenzake walichapisha utafiti kuonyesha kwamba mchavushaji mkubwa ni lemuri, mnyama wa mitini wa Madagaska, hasa yule mweusi na mweupe, Varecia variegata. Ua la ravinala halijifungui lenyewe kirahisi, linataka mnyama mwenye mikono na nguvu alifumue. Lemuri anafumua, anaingiza pua ndefu kunywa mbochi, na chavua inabaki kwenye manyoya ya uso mpaka ua linalofuata. Mti na mnyama wanajuana. Na mnyama huyo sasa yuko kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu ya misitu hiyohiyo inayochomwa na kwa sababu ya kuwindwa.

Hata buluu ya mbegu wapo wanaoihusisha na macho ya lemuri, kwamba wengi wao hawatofautishi nyekundu na kijani, lakini buluu wanaiona. Inaingia akilini. Sisi tumezoea matunda yanayotuita kwa wekundu. Hili lilikuwa haliiti mimi.

Sasa Tanga hatuna lemuri. Nimeomba ruhusa kwa bibi nikae uani kwake usiku. Amenipa mkeka, chai ya tangawizi na onyo kuhusu siafu.

9 Oktoba, alfajiri

Saa moja na nusu usiku wamekuja popo, wale wakubwa wala matunda. Wanatua kwenye ala, wanatumbukiza kichwa, wanaondoka. Niliwahesabu mpaka 14 nikaacha. Asubuhi na mapema ndege chozi wawili, wananing'inia pembeni; nadhani hao ni wezi tu, mdomo unanyonya bila kugusa chavua.

Saa sita usiku kitu kizito kilitua juu ya jani, jani likainama. Nikawasha tochi, nikaona macho mawili mekundu, kisha hakuna. Bibi anasema ni komba, kwa sababu komba walikuwa wakilewa tembo la mnazi la mgemaji wa jirani. Kijana wangu anasema ni panya buku. Ala moja imechanwa upya upande wa ndani. Natamani awe komba, maana komba na lemuri ni ukoo mmoja. Lakini natamani si ushahidi. Naandika: popo, hakika, kingine, sijui.

21 Januari 2024

Mbili za kundi C zimeota chini ya mwembe! Mwaka mmoja na siku 46 tangu zipandwe. Kijana hakusema neno. Sasa ziko 24.

14 Aprili

Tumehamishia kwenye viriba vikubwa. Mche mrefu una sentimita 71, mfupi (wa kundi B) 38. Samadi ya ng'ombe iliyoiva, udongo mwekundu wa hapahapa, na mchanga kidogo. Zinakunywa maji kama migomba na zinachukia upepo kama migomba: kusi imeanza, na majani ya zile za pembeni yameshapasuka kuwa mikanda. Wateja hudhani ni ugonjwa. Jani pana lisilopasuka lingeng'oa shina zima.

Kitu kimoja nimekisoma wiki hii kimenifanya nizitazame tena. Tangu Mfaransa Pierre Sonnerat aandike habari za mti huu mwaka 1782, vitabu vilitambua spishi moja tu. Wanakijiji wa kule walikuwa na majina tofauti kwa aina tofauti muda wote. Mwaka 2021 ndipo Thomas Haevermans na wenzake walipotangaza spishi mpya tano, jumla sasa sita. Zaidi ya miaka mia mbili mti umo vitabuni, ukafika hata kwenye kadi za posta, na ndugu zake watano wamesimama nyuma yake bila kuandikwa. Yetu, kwa jinsi inavyotoa machipukizi mengi, naichukulia ni ile ya zamani, Ravenala madagascariensis, ndiyo iliyozungushwa bustani za dunia.

6 Julai

Leo nimefukuza pesa, na kijana amenuna.

Amekuja bwana mwenye gari zuri, anajenga kambi ya watalii pembezoni mwa msitu, njia ya Amani, milima ya Usambara Mashariki. Anataka kumi, analipa taslimu bila kuomba kupunguziwa. Nimemuuliza kiwanja kiko umbali gani na msitu. "Msitu uko uani," akasema, kwa furaha.

Nimemwambia siuzi huko. Mauritius na Réunion waliileta ravinala kwa mapambo, ikatoroka bustanini. Huko Mauritius leo ravinala inahesabiwa miongoni mwa magugu ya msituni. Na Amani tuna somo letu wenyewe. Bustani ya mimea ya pale Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, wakajaribu mamia ya miti ya kigeni. Mti mmoja, Maesopsis, ulipandwa Usambara Mashariki kwa nia njema ya kupata mbao haraka. Hondohondo wakala matunda, wakabeba mbegu, na sasa umo ndani ya msitu ambao haukuwa wake. Hakuna aliyekusudia. Aliyepanda hakufikiria hondohondo.

Mimi nami sijui ni ndege gani wa Amani atapenda buluu. Ndiyo maana siuzi. Pangani mchangani, Raskazone uani, mjini kwenye lami, sawa. Huko juu, hapana. Nimempa miche ya mikuyu na anwani ya mwenye kitalu cha miti ya asili. Alichukua mikuyu miwili kwa adabu tu.

Jioni kijana akasema: "Mzee, lakini sisi si tulishawapelekea wenzetu ua la Usambara?" Anasema kweli. Mwaka 1892 bwana Saint Paul, mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alipeleka mbegu za ua dogo la mwambani kwa baba yake Ujerumani, na leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima, kwenye vyungu. Nikamjibu liko kwenye vyungu. Akasema basi tuwauzie za vyungu. Nimekosa jibu, nimeenda kufunga lango.

22 Machi 2025

Nane zimefika Pangani juu ya kirikuu, majani yamefungwa kwa kamba ya katani. Ndefu ina mita 1.4. Shemeji alitegemea mpepea kamili kama wa picha. Nimemweleza asubiri miaka. Mashimo sentimita 60 kwa 60, samadi debe moja kila shimo, nafasi mita nne. Alitaka zote zielekee mashariki. Nimezielekeza kwenye lango, ili mpepea uonekane bapa kwa anayeingia, na nimemwomba asiwaambie wageni habari ya dira.

Kivukoni, wakati wa kurudi, ng'ambo ya mto niliona mkonge mmoja umejiotea kando ya barabara. Nilimwonyesha kijana. Akasema, "Wa sitini na tatu."

3 Agosti

Ukaguzi. Nane zote Pangani hai, moja imekatwa jani na mbuzi. Kitaluni zilikuwa zimebaki 16 baada ya hizo nane. Tano zimeuzwa mjini, mbili shule ya jirani imeomba kwa ajili ya uwanja wa bendera. Mche A-11 umeanza kutoa chipukizi pembeni, wa kwanza. Nimeuwekea alama ya kitambaa chekundu, huo hauuzwi.

Bibi wa Raskazone nimempelekea miwili, watoto wa kichaka chake. Alivigusa viriba, akauliza hii ndiyo ile mbegu ya buluu. Nikasema ndiyo. Akaniambia kichaka kikubwa kimeangusha ala nyingine wiki hii na kwamba kile kidude cha usiku kimerudi, amekisikia kikilia kama mtoto mchanga.

Komba hulia hivyo. Nimeomba mkeka tena kwa Jumamosi.